Elastasi ya kinyesi imetoka 148: je, kongosho limeshaharibika?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mume wangu ana miaka 47. Miaka miwili sasa anaumwa tumbo juu ya kitovu, maumivu yanapenya hadi mgongoni, hasa akishakula. Amepungua kilo 8, na kuna siku anaharisha choo chenye mafuta kinachoelea. Pombe ameacha, sigara bado. CT haikuonyesha kitu cha kueleweka. Wakapima choo, elastasi ikatoka 148, akaandikiwa vidonge vya vimeng'enya. Sasa daktari anataka achomwe sindano ya homoni kisha avutwe majimaji ya kongosho kwa endoskopi. Nimesoma kwamba majimaji hayo yana protini zinazogundua ugonjwa mapema. Je, 148 ni ugonjwa tayari? Tukubali endoskopi, na tuombe protini hizo zipimwe? Na tukirudia kipimo cha choo, aache vidonge kwanza?

JIBU: Dada, nianze na swali la mwisho kwa sababu jibu lake ni fupi: asiache vidonge. Vimeng'enya vilivyomo vinatokana na kongosho la nguruwe, na kipimo cha elastasi kinachotumia kingamwili za monokloni, yaani za aina moja tu, huitambua elastasi ya binadamu peke yake. Mgonjwa ameze asimeze, namba haibadiliki. Vipo vifaa vingine vya maabara vinavyotumia kingamwili za polikloni, yaani mchanganyiko wa aina nyingi, na hivyo havichagui kwa ukali huo, kwa hiyo muulizeni mtaalamu wa maabara anatumia kipi. Kipimo kinachodai mgonjwa aache vidonge siku kadhaa ni kile cha zamani cha kimotripsini ya kinyesi, kimeng'enya kingine cha kongosho, kisichojua ya nguruwe ni ipi na ya mtu ni ipi. Kasoro hiyo imekipatia kazi nyingine: mtu anayesema anameza vidonge kila mlo huku kimotripsini yake ikiwa chini kabisa, kuna uwezekano mkubwa hamezi.

Twende kwenye 148. Ugonjwa unaotafutwa hapa ni uvimbe sugu wa kongosho, yaani kongosho kuwaka na kuota makovu kwa muda mrefu (chronic pancreatitis), si uvimbe wa saratani. Jambo la kwanza ambalo ningependa kulijua ni hali ya choo alichopeleka maabara siku ile. Umesema kuna siku anaharisha. Kama sampuli ilitoka kwenye siku hizo, namba hiyo haina thamani, na nitaeleza kwa nini.

Kongosho hutoa takriban lita moja na nusu ya majimaji kwa siku, ambayo humwagika kwenye duodenamu, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Ndani yake mna bikabonati ya kupooza tindikali ya tumboni, na vimeng'enya: amilasi ya wanga, lipasi ya mafuta, tripsini, kimotripsini na elastasi za protini. Vimeng'enya vingi humeng'enywa vyenyewe njiani. Lipasi ndiyo dhaifu kuliko vyote, ikifika mwisho wa utumbo haipo tena. Elastasi ni ngumu, hupita salama mpaka chooni, na kwa kuwa utumbo mpana hufyonza maji, kwenye kinyesi huwa imekolea mara tano hadi sita kuliko ilivyokuwa kwenye duodenamu. Hiyo ndiyo sababu ya kuchaguliwa yeye na si wenzake.

Mtego uko kwenye kizio. Maabara haihesabu elastasi yote iliyotoka siku nzima, inahesabu mikrogramu zilizomo kwenye gramu moja ya kinyesi. Chukua mtu anayetoa mikrogramu 45,000 kwa siku. Akipata choo kizima cha gramu 150, jibu lake ni 300, halina tatizo. Mtu huyo huyo akiharisha gramu 450 kwa siku, jibu ni 100. Kongosho lake halijabadilika hata kidogo, kilichoongezeka ni maji. Maabara makini huikataa sampuli ya maji, au huikausha kwanza na kuandika kwenye jibu kwamba imefanya hivyo. Nyingine hupima chochote kilicholetwa.

Mipaka inayotumika ni hii: zaidi ya 200 ni kawaida, chini ya 100 ni ushahidi mzito kwamba kongosho halitoi vimeng'enya vya kutosha, na kati ya 100 na 200 ni eneo la mashaka. Mume wako yuko kwenye mashaka. Jambo jingine linalochanganya watu: juu ya 200 hakuna ngazi. Mwenye 260 hana "nusu ya kongosho" la mwenye 500, na maabara nyingi huandika tu "zaidi ya 500" na kuishia hapo.

Hata sampuli ikiwa nzuri, kipimo hiki hukosea. Kikilinganishwa na kipimo cha moja kwa moja cha sindano ya homoni ya sekretini, kile mnachopendekezewa, kwa wastani wa tafiti nyingi zilizojumlishwa, hunasa wagonjwa 77 kati ya 100 wenye upungufu, na huwaacha huru watu 88 kati ya 100 wasio nao. Sikia maana yake kwa vitendo. Tuseme tunapima watu 100 wanaoharisha tu, bila dalili nyingine, na watano ndio wagonjwa kweli. Tutanasa 4 kati ya hao watano, na tutawasingizia 11 kati ya wazima 95. Majibu mabaya 15, manne tu ya kweli. Sasa tupime watu 100 wanaofanana na mume wako, wenye maumivu ya kupenya mgongoni, waliopungua uzito, wenye historia ya pombe na sigara, na tuseme nusu yao ni wagonjwa. Tutanasa kama 38, tutasingizia 6. Hapo jibu baya lina uzito. Ila pia tutakuwa tumewaambia wagonjwa 12 kwamba ni wazima. Namba moja, uzito tofauti, kutegemea nani amepimwa na kwa sababu gani.

Halafu kuna hili ambalo mara nyingi halisemwi chumbani kwa daktari: elastasi ikishuka kweli, inakwambia kongosho halitoi vimeng'enya vya kutosha. Haikwambii kwa nini. Uvimbe sugu wa kongosho ni sababu moja. Nyingine ni saratani iliyoziba mfereji, sistiki fibrosisi (ugonjwa wa kurithi unaofanya ute kuwa mzito), kongosho lililokatwa kwa upasuaji, kisukari cha muda mrefu cha aina zote mbili, na hata siliaki, ugonjwa wa utumbo kukataa gluteni. Hiyo ya mwisho inafundisha sana, kwa sababu kongosho la mgonjwa wa siliaki laweza kuwa zima kabisa. Ukuta wa utumbo ndio ulioharibika, hautoi homoni ya kolesistokinini ya kuliamsha kongosho, basi nalo halitoi kitu. Akiacha gluteni, utumbo ukapona, elastasi hupanda yenyewe. Vilevile mtu aliyetoka juzi kuugua uvimbe wa ghafla wa kongosho anaweza kuwa chini kwa wiki au miezi kadhaa kisha akarudi juu.

Na upande wa pili: elastasi ya kawaida haimsafishi mtu. Kongosho lina akiba kubwa mno. Mwaka 1973 DiMagno na wenzake walionyesha kwamba mafuta huanza kumwagika chooni pale lipasi inaposhuka chini ya asilimia 10 ya kawaida. Maana yake tishu inaweza kuliwa na makovu kwa miaka mingi bila choo kubadilika. Maumivu hayangoji hatua hiyo. Wapo wenye maumivu makali na elastasi ya 400, na wapo wasioumwa kabisa wenye 20. Kwa hiyo kwa ugonjwa wa mapema, ambao ndio hasa unauuliza, kipimo cha choo ndicho kinachochelewa kuliko vyote.

Kabla sijaingia kwenye endoskopi, neno dogo juu ya damu. Amilasi na lipasi za damu, zinazosaidia sana kwenye uvimbe wa ghafla, hapa hazina msaada. Kongosho lililochoka halina cha kumwaga kwenye damu, kwa hiyo mara nyingi huwa za kawaida. Tripsinojeni ya damu ikiwa chini ya nanogramu 20 kwa mililita ni dalili nzuri ya uharibifu uliokomaa, lakini nayo haioni mwanzo.

Sasa kipimo mnachopendekezewa. Sekretini ni homoni iliyogunduliwa mwaka 1902 na Bayliss na Starling, na kazi yake ni kuziamrisha seli za mifereji ya kongosho zitoe maji yenye bikabonati. Mgonjwa hufunga kula usiku kucha, hupewa dawa ya usingizi mwepesi, kisha endoskopi, mrija wenye kamera, huingizwa mdomoni. Kwanza hufyonzwa majimaji yote ya tumboni na kutupwa. Endoskopi husogezwa hadi duodenamu, hapo napo hufyonzwa kilichopo. Sekretini huchomwa kwenye mshipa kwa kiwango cha mikrogramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito, taratibu kwa dakika moja. Halafu yanavutwa majimaji, mililita 3 hadi 5 kila mara, kwenye dakika ya 15, 30, 45 na 60. Kila chupa inawekwa kwenye barafu papo hapo. Maabara hupima bikabonati. Angalau chupa moja ikifika milimoli 80 kwa lita au zaidi, mifereji inafanya kazi. Zote zikiwa chini ya hapo, haifanyi kazi inavyotakiwa.

Umeona? Jibu kuu la kipimo hicho si protini hata kidogo. Bikabonati ni chumvi. Na inapendwa kwa sababu seli za mifereji huanza kulegea mapema kuliko seli za vimeng'enya, kwa hiyo kipimo hiki huona kilicho kabla ya elastasi kushuka. Ukitaka kupima zile seli za vimeng'enya moja kwa moja, kichocheo chake ni kolesistokinini, na hapo ndipo hupimwa lipasi au tripsini kwenye majimaji. Vituo vichache tu hufanya hivyo.

Kinaharibika wapi? Kwanza tindikali. Tumbo lisipofyonzwa vizuri, au likiendelea kuvuja kuelekea chini wakati wa kukusanya, tindikali hugeuza bikabonati kuwa maji na gesi ya kaboni dayoksaidi, na mgonjwa mzima huonekana mgonjwa. Mfanyaji makini hupima pH ya kila chupa, na inayosoma upande wa tindikali huitupa. Pili muda: majimaji yakikusanywa dakika 15 tu badala ya saa nzima, kwa wengine kilele kinakuwa bado hakijafika. Tatu dawa: zile za kulegeza misuli ya tumbo zenye tabia ya kuzuia asetilikolini, kemikali ya neva, hupunguza mwitikio wa kongosho, kwa hiyo mwambieni daktari kila anachomeza. Nne, na hili linamhusu mume wako, sigara yenyewe hupunguza bikabonati hata kwa mtu ambaye ugonjwa haujathibitishwa. Mvutaji mwenye 74 asomwe kwa tahadhari kuliko asiyevuta mwenye 74.

Sasa tuje kwenye zile protini ulizosoma. Habari hizo si uongo. Kosa liko kwenye kuziona kama kipimo kilichokwisha kuwa tayari.

Historia yake ni ndefu. Watafiti walichukua vijiwe na plagi za ute zinazoziba mifereji ya kongosho lililougua, wakauliza vimejengwa na nini. Wakakuta protini iliyoitwa protini ya vijiwe vya kongosho, au lithostatini, inayotengenezwa na jeni la REG1A. Tripsini ikiikata karibu na mwanzo wa mnyororo wake, kati ya asidi amino ya 11 na ya 12, kipande kikubwa kinachobaki hakiyeyuki tena kwenye majimaji ya pH ya kawaida, kinaganda na kufanya nyuzi. Kalsiamu hupata pa kujishika. Wakakuta pia GP2, protini ya utando wa vifuko vinavyohifadhi vimeng'enya, nayo hupatikana kwenye plagi. Na laktoferini, ambayo tangu miaka ya 1970 imejulikana kupanda kwenye majimaji ya kongosho lenye vijiwe vya chokaa. Baadaye zikaongezwa protini za uvimbe, kama intalukini-8. Na tangu mashine za spektrometa ya masi, zinazotambua protini kwa kupima uzito wa vipande vyake, zipate nguvu, sampuli moja ya majimaji ya endoskopi huweza kutoa orodha ya mamia ya protini kwa mara moja.

Ungetegemea mojawapo iwe imeshaingia hospitali. Hazijaingia, na sababu kubwa kwa maoni yangu iko kwenye chupa yenyewe.

Fikiria kinachotokea humo. Majimaji yakiwa ndani ya mfereji, tripsini imelala katika umbo la tripsinojeni. Yakigusa duodenamu tu, kimeng'enya cha ukuta wa utumbo kiitwacho enterokinasi huiamsha. Tripsini iliyoamka huiamsha tripsinojeni nyingine, huamsha kimotripsini, elastasi na kaboksipeptidasi, na kundi zima linaanza kula protini zilizo karibu, pamoja na kulana lenyewe kwa lenyewe. Chupa ikikaa nusu saa mezani kwenye joto la chumba, protini uliyokuwa unaitafuta inaweza kuwa imekatwa vipande ambavyo kingamwili ya kipimo haivitambui. Jibu litasema "imepungua". Imepungua kwenye chupa, si kwenye kongosho. Kwa hiyo utafiti wa maana huweka barafu tangu kitandani, huchanganya dawa za kuzuia vimeng'enya vya protini mara tu majimaji yanapotoka, huzungusha kwenye sentrifuji baridi kuondoa seli na ute, hugawa kwenye mirija midogo ili isiyeyushwe mara mbili, na kuhifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Sampuli ikigandishwa na kuyeyushwa mara kadhaa, anza upya.

Tatizo la pili ni mchanganyiko. Majimaji ya duodenamu si ya kongosho peke yake: mna nyongo, mate yaliyomezwa, mabaki ya tumboni, seli za utumbo zilizopukutika, na pengine damu kidogo pale endoskopi ilipokwaruza. Laktoferini hupatikana kwenye mate na kwenye seli nyeupe za damu. Kwa hiyo laktoferini iliyopanda yaweza kuwa inazungumzia kinywa. Mtu atasema basi tuvute moja kwa moja kutoka kwenye mfereji wa kongosho. Inawezekana, kwa ERCP, yaani endoskopi inayoingiza mrija kwenye mifereji ya nyongo na kongosho, lakini kuingiza mrija humo kunaweza kuwasha uvimbe wa ghafla wa kongosho, jambo linalowapata wagonjwa kadhaa katika kila 100. Kumpa mtu ugonjwa ili kumpima ugonjwa huo huo hakukubaliki pale ambapo jibu halitabadilisha matibabu.

La tatu ni hesabu. Sekretini huongeza maji kwa kasi, kwa hiyo protini zilizokuwa zimelala kwenye mifereji husukumwa nje kwenye chupa za mwanzo, kisha zinazofuata huwa nyepesi. Ukilinganisha chupa ya dakika ya 15 ya mgonjwa mmoja na ya dakika ya 45 ya mwingine, unalinganisha saa, hulinganishi magonjwa. Wengine hugawanya kwa jumla ya protini zote kwenye sampuli. Ni bora, lakini kwenye ugonjwa huu jumla yenyewe hubadilika: mwanzoni majimaji huweza kuwa mazito kwa protini kwa sababu maji na bikabonati vimepungua, baadaye seli zikifa protini nayo hushuka. Protini moja inaweza kupanda mwaka wa kwanza na kushuka mwaka wa kumi kwa mgonjwa yule yule.

Lipo pia tatizo la wingi. Vimeng'enya vya kusaga chakula vimejaa humo kiasi kwamba mashine huviona hivyo kwanza na vingine hufunikwa. Na la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito: nani analinganishwa na nani. Kutofautisha kongosho lililojaa chokaa na la kijana mzima ni rahisi, na hata CT ingefanya hivyo. Swali la mume wako ni lingine, yaani mtu mwenye maumivu na picha isiyoeleweka ni mgonjwa wa kongosho au wa kitu kingine. Tafiti nyingi zimekuwa na watu wachache, na watu wa aina yake ndio waliokuwa wachache zaidi. Isitoshe, intalukini-8 na protini za jamii ya REG hupanda pia kwenye saratani ya kongosho, kwa hiyo zikipanda hazikwambii umeshika kipi kati ya magonjwa mawili ambayo hatma zake hazifanani hata kidogo.

Kwa hiyo msilipie kipimo cha "protini za mapema" za majimaji ya kongosho kinachouzwa kama huduma. Hakuna mpaka uliokubaliwa wa kusema hii ni juu na hii ni chini, na daktari wenu akipewa namba hiyo hatakuwa na la kuifanyia. Kikiwa ni utafiti rasmi, wakaomba kuhifadhi yaliyobaki baada ya bikabonati kupimwa, mkubali mkipenda. Hakumwongezei mgonjwa hatari, ila msisubiri jibu.

Mimi ningepanga mambo hivi. Kwanza kurudia elastasi, safari hii ipasavyo. Angoje siku ya choo kilichoshikana au angalau kizito kama uji mzito. Achukue kwenye chombo kikavu, kisiguswe na maji wala mkojo. Kiasi cha kijiko cha chai kinatosha, hakuna haja ya kukusanya siku tatu. Elastasi haiharibiki upesi, huvumilia siku kadhaa hata bila jokofu, hivyo kuipeleka kesho yake si kosa, isipokuwa isiachwe juani au kwenye gari lenye joto. Kwenye fomu iandikwe hali ya choo. Kama haipatikani siku hata moja ya choo kizito, tatizo ni huko kuharisha, na vipimo vya siliaki na vya vijidudu kama jiadia vifanywe kwanza.

Ikitoka juu ya 200, uvimbe sugu bado unawezekana lakini mafuta chooni yatafutiwe sababu nyingine. Ikitoka chini ya 100, upungufu upo. Ikibaki kati, kipimo cha mafuta ya kinyesi kinaweza kuamua: mgonjwa hula gramu 100 za mafuta kwa siku, choo chote cha saa 72 hukusanywa, na zaidi ya gramu 7 za mafuta kwa siku si kawaida. Hiki ndicho cha kuachia vidonge kwa muda, kama kinafanywa ili kujua upungufu upo. Ni kazi ya kuudhi, na wagonjwa wengi hukikatisha siku ya pili.

Sambamba na hilo, picha. CT huona chokaa na mfereji uliopanuka, mabadiliko ya mapema huyapita. MRI ya mifereji ya kongosho, hasa ikifanywa pamoja na sindano ya sekretini, huonyesha matawi madogo yaliyopindika, na endoskopi yenye altrasaundi huona tishu kwa karibu zaidi ingawa tafsiri yake hutofautiana kati ya daktari na daktari. Picha zikikubaliana na dalili, kipimo cha sekretini hakitaongeza mengi. Picha zikibaki na utata, hapo pendekezo la daktari wenu lina mantiki kabisa, na linaweza kufanywa siku moja na ile endoskopi ya altrasaundi ili mgonjwa asilazwe usingizi mara mbili. Damu ipimwe kalsiamu, trigliseraidi (mafuta ya damu), sukari ya HbA1c (wastani wa miezi kama mitatu) na IgG4 (kingamwili inayoweza kupanda pale kinga ya mwili inapolishambulia kongosho). Vipimo vya jeni kama PRSS1, SPINK1 na CFTR huwa na uzito zaidi ugonjwa ukianza ujanani au ukiwa kwenye ukoo.

Vidonge navyo vimezwe sawasawa, maana wengi husema havifanyi kazi kumbe vinamezwa vibaya. Mtu mzima huanza na uniti 40,000 hadi 50,000 za lipasi kwa mlo mkubwa na nusu yake kwa kitafunwa. Kimoja na tonge la kwanza, vingine katikati ya mlo. Vikimezwa nusu saa kabla au baada ya kushiba, chakula na kimeng'enya havikutani. Punje za ndani zisisagwe wala kutafunwa, kwa sababu ganda lake ndilo kinga dhidi ya tindikali. Visiposaidia kwa dozi hiyo, daktari huongeza dozi au dawa ya kupunguza tindikali, kisha hutafuta bakteria waliozidi kwenye utumbo mwembamba. Maendeleo yapimwe kwa uzito, choo, na vitamini A, D, E na K. Elastasi haitapanda kwa sababu ya vidonge, hivyo kuirudia kila baada ya miezi mitatu ni kutupa fedha. Na sigara aiache, kwa kuwa huharakisha makovu na chokaa hata kwa aliyekwisha kuacha pombe.

La mwisho si la kungojea majibu ya choo. Kilo 8 kwa mtu wa miaka 47 mwenye maumivu ya mgongoni ni sharti saratani itafutwe mpaka ithibitike haipo. Ulizeni kama CT ile ilipigwa kwa utaratibu wa kongosho: dawa ya kuangazia kwenye mshipa, vipande vyembamba, na picha za awamu ya kongosho kama sekunde 40 hadi 50 baada ya dawa. Kama ilipigwa bila dawa, irudiwe wiki hii. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa mweusi, au sukari ikapanda ghafla kwa mtu ambaye hakuwa na kisukari, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.